Mikono Yote ya Kushoto

Jumatano, tarehe kumi na moja ya mwezi wa sita, muda mfupi baada ya chai ya asubuhi, binti yangu alikata mikono ya makoti ya hoteli nzima, na mikono yote ikatoka ya kushoto.

Sisemi mingi. Nasema yote. Mshonaji wa kwanza alichukua mkono mmoja, akauchomeka kwenye koti, akachukua wa pili, akaugeuza, akaugeuza tena, akacheka. Halafu akaacha kucheka, akamwita mwenzake. Mwenzake naye akageuza. Punde karakana nzima ilikuwa inageuza mikono kama watu wanaonunua samaki wasiowaamini. Haikusaidia. Mkono wa koti hata ukiugeuza namna gani, kama ni wa kushoto ni wa kushoto.

Nieleze kidogo, maana wengi wanaovaa koti hawajui linakotoka. Kitambaa kinafunguliwa kutoka kwenye jora, kinatandazwa juu ya meza ndefu tabaka juu ya tabaka, na juu kabisa inawekwa karatasi iliyochorwa umbo la mkono. Kisha kisu cha umeme kinafuata mchoro na kupita tabaka zote kwa mara moja. Sasa kitambaa cha makoti yale, rangi ya damu ya mzee, kilikuwa na uso unaong'aa na mgongo uliofifia. Ukikitandaza uso kwa uso, kwenda na kurudi, kila tabaka mbili zinakupa mkono wa kulia na mkono wa kushoto. Ukikitandaza uso juu, uso juu, uso juu, basi ni lazima ufikapo nusu ya kazi uigeuze karatasi, la sivyo yatakupata yaliyotupata.

Marehemu mke wangu, aliyeishika meza ile mpaka alipougua, alitandaza uso kwa uso maisha yake yote. Lakini bosi wetu alikuwa amerudi kutoka kwenye maonyesho ya mashine, na huko alikuwa ameona kitambaa kikitandazwa upande mmoja tu. Wazo lilimjia akiwa juu ya ngazi. Kufika chini lilikuwa limeshakuwa amri. Mchoraji wa karatasi hakuambiwa. Mtandazaji aliambiwa, akatandaza. Binti yangu akawasha kisu, akakiinua, akasita. Mimi nilimwona akisita, maana pasi yangu inatazamana na meza yake. Bosi alikuwa amesimama katikati ya ngazi, simu sikioni, mwenye hoteli yuko ndani ya simu anafoka.

"Kata!" bosi akapiga kelele. "Unangoja nini, posa?"

Akakata.

Mahali pengine bosi angesema, jamani, hapa nimeteleza, tujipange upya. Kwetu wakubwa hawakosei, wakubwa wanakosewa. Alijifungia ofisini asubuhi yote iliyobaki, na alipotoka alikuwa na jibu. Kosa halikuwa kwenye karatasi wala kwenye kutandaza. Kosa lilikuwa vichwani mwetu. Tuna papara. Hatujui tunawaza nini. Ataleta mtu.

Mtu akaja, mtaalamu wa akili za watu. Kijana wa viatu laini visivyotoa sauti, mpole kweli, sauti kama ya mtu anayemnyamazisha mtoto wa mwenzake. Tukazima mashine ili tumsikie. Akasimama kati ya mashine za vifungo na akasema kwamba kila mmoja wetu ana akili mbili. Ya kwanza inawaza. Ya pili inaitazama ile ya kwanza ikiwaza.

"Na hiyo ya pili inatazamwa na nani?" akauliza mshonaji mmoja wa kola.

"Na bosi," akasema mtu wa nyuma.

Tulicheka, hata mtaalamu alicheka, ila yeye aliacha kabla yetu. Akaendelea kwamba watu wanatofautiana haiba. Wapo waliozaliwa na moto, mkono unakwenda kabla ya kichwa, na hao akili yao ya pili imelala. Wapo waliotulia, wanayaona mawazo yao yakija kama mtu aliyekaa dirishani anavyoona wapita njia. Atatusikiliza mmoja mmoja, na kila mmoja atafungwa utepe mkononi. Kijani kwa wanaojitazama, mwekundu kwa wenye papara. Kuanzia hapo mwenye utepe mwekundu hatagusa kisu cha umeme.

Bosi akapiga makofi. Akasema huu ndio ustaarabu.

Utepe wa kijani ulikatwa kwenye mabaki ya sare za shule. Ule mwekundu, kwa kuwa haifai kupoteza mali, ulikatwa kwenye ile mikono ya kushoto. Na unadhani nani aliambiwa azishone tepe zote, nyekundu na kijani, kwa kuwa ndiye aliyekuwa hana kazi? Binti yangu. Alizishona kwa hasira, midomo imebana, na zikatoka zimenyooka kama mstari wa rula.

Jina lake la nyumbani ni Kiberiti. Mama yake ndiye aliyempa, binti akiwa na umri wa kutambaa, na hakuna aliyewahi kuuliza sababu. Hasira yake inawaka haraka na kuzima haraka, na ikishazima yeye ndiye wa kwanza kuicheka. Lakini mezani ni mtu mwingine. Kisu alifundishwa na mama yake, amesimama nyuma yake, mikono minne kwenye mpini mmoja. Mama yake aliondoka kwa kifua, kifua kilichojaa manyoya ya vitambaa, na feni ya kunyonya vumbi tuliyoahidiwa ilikuwa ingali njiani. Mpaka leo iko njiani. Bila shaka inakuja kwa miguu. Kwa hiyo kwa mwanangu meza ile si kazi tu. Ndipo mahali pekee ambapo bado anasimama na mama yake. Hajawahi kuyasema haya, mimi ndiye nayasema, lakini kila asubuhi kabla ya kuanza hupitisha kiganja juu ya ubao wake, kutoka ncha hii hadi ncha ile, na hapo si vumbi analolifuta.

Usaili ukafanyika kwenye kona yangu ya pasi, kwa sababu ndiyo pekee yenye pazia. Mimi nikaambiwa niendelee na kazi yangu, nisisikilize. Nikaendelea na kazi yangu.

Nilianza mimi.

"Mzee," akasema mtaalamu, "je, huwa unajibu kabla swali halija—"

"Hapana!"

Alinitazama kidogo. Zamani, kwenye vikao, mke wangu alikuwa anakaa kando yangu na mkono wake gotini pangu. Nikianza kuvuta pumzi ya kufoka, anafinya. Watu walidhani tunapendana sana, na walikuwa sahihi, lakini kufinya kule kulikuwa breki. Siku ile goti lilikuwa peke yake.

"Una uhakika na nafsi yako," mtaalamu akasema, akanifunga kijani.

Akafuata Kinyonga. Huyu ndiye mtandazaji, mwanaume mrefu anayetembea kana kwamba sakafu ni ya mtu na hajaomba ruhusa. Ndiye aliyetandaza kitambaa kile siku ile, uso juu, uso juu, pole pole, bila kukosa. Akaulizwa swali. Akanyamaza. Akanyamaza mpaka mvuke wa pasi yangu ukaisha nikaongeza maji. Mtaalamu naye akanyamaza kwa heshima, na macho yakamng'aa.

"Unaona, mzee?" akaninong'oneza, amesahau kwamba mimi sisikilizi. "Anajitazama."

Kinyonga akafungwa kijani. Tulipokuwa tunanawa mikono nikamwuliza, "Wewe bwana, ulikuwa unatazama nini muda wote ule?"

"Nilikuwa natafuta swali lilikuwa linasemaje," akasema.

Bosi yeye hakukaa kwenye kiti. Alikuwa anapita na simu yake, akachomoa utepe wa kijani kwenye kopo, akajifunga mwenyewe kwa meno, akaendelea na safari.

Halafu akaingia Kiberiti. Aliketi wima kama mtu aliyekwenda kung'olewa jino.

"Huwa unatenda kabla ya kuwaza?"

"Ndiyo. Mara nyingi."

"Na unajua wakati gani?"

"Baadaye. Nikiwa njiani kwenda nyumbani. Siku nyingine hapo hapo, lakini mdomo unakuwa umeshafika mbele."

"Siku ile ya mikono, ulikuwa unawaza nini?"

Akafikiri. "Niliona uso wa kitambaa unang'aa kila tabaka, nikahisi kuna kitu hakiko sawa. Nikajiambia, wewe nawe, umezoea kushtuka ovyo. Kisha nikasikia 'kata', nikakata."

"Kwa hiyo ulihisi, na bado ukakata."

"Ndiyo."

"Asante kwa ukweli wako," akasema, na akamfunga mwekundu kwa upole mkubwa.

Mimi shule niliiacha kabla haijanizoea, kwa hiyo mnisamehe kama kuna hesabu nisiyoiona hapa. Lakini unamwuliza mtu, je, una papara? Mwenye papara asiyejijua anasema sina, anapewa kijani. Mwenye papara anayejijua anasema ninayo, anapewa mwekundu. Ni sawa na kupita kwenye chumba cha walinzi ukiuliza kila mmoja, umelala? Anayekoroma anapita. Anayesema "nasinzia kidogo, bwana" ndiye anayefukuzwa. Na mtu wa kubuni mambo kama haya anapewa ofisi, kiti kinachozunguka, na maji ya chupa.

Kisu akapewa Kinyonga. Binti yangu akahamishiwa kwenye vifungo, akawa anashona vifungo vinavyokaza mpaka mtu angeweza kuning'inia navyo juu ya daraja. Kitambaa kipya cha hoteli kikaletwa, kikatandazwa. Kinyonga akasimama mezani, kisu mkononi, akaanza kuwaza. Ukimwuliza vipi, anakwambia, "Nawaza." Jumatatu alikuwa anawaza. Jumanne alikuwa anawaza. Hakuna aliyethubutu kumharakisha, maana alikuwa na utepe. Siku moja nilimsogelea.

"Kinyonga, kata basi."

"Mzee, naogopa," akasema chini chini. "Mimi kisu sijawahi. Siku ile ya mikono hata sikujua natandaza nini, nilikuwa nawaza chakula cha mchana. Sasa nikisema naogopa, si watanibadilishia utepe?"

"Watakubadilishia."

"Basi nawaza."

Mtaalamu alikuwa ameweka utaratibu kwamba wenye tepe nyekundu wanaweza kuomba kusikilizwa tena siku ya Ijumaa. Akionekana mtu amejirekebisha, anafunguliwa mwekundu anafungwa kijani, na anarudi kwenye kazi yake. Asiporekebika, anabaki alipo moja kwa moja. Hakuna mara ya tatu. Hapo ndipo nikajua meza ya mke wangu iko kwenye ulimi wa binti yangu, na ulimi wa binti yangu ninaujua, maana niliurithisha mimi.

Jioni ya Alhamisi nikamkalisha jikoni. Alikuwa anakoroga sufuria, mimi nimekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Sikiliza mama," nikamwambia. "Kesho ni maneno tu. Ukiulizwa, sema: nikifika mezani nasimama. Navuta pumzi. Najiuliza, hivi nawaza nini? Halafu ndipo naanza."

"Lakini sisimami, baba."

"Kwani nani anasimama? Mimi nina kijani!"

"Ndiyo, na juzi umemwita mwenye nyumba kichwa cha nyundo, dirisha lake likiwa wazi."

"Yule ni kichwa cha nyundo."

"Sijasema si kichwa cha nyundo. Nasema dirisha lilikuwa wazi."

"Haya, tufanye mazoezi. Mimi ndiye mtaalamu." Nikalainisha sauti. "Binti, huwa unatenda kabla ya kuwaza?"

"Nikifika mezani, nasimama," akasema, akikoroga. "Navuta pumzi. Navuta na nyingine. Nakufa."

"Wewe!"

"Baba, unaona? Mtaalamu ameshakasirika."

Tukacheka, na nilikuwa sijacheka jikoni mle tangu mama yake aondoke. Lakini baadaye, akiwa anaosha vyombo na amenipa mgongo, akasema bila kugeuka, "Sasa nikisema uongo wanirudishe mezani, kila nikishika kisu si nitakuwa namsikia mama anacheka?"

"Mama yako angetaka urudi."

"Mama angetaka nirudi. Hilo najua." Akaendelea kuosha sahani ambayo ilikuwa imeshatakata.

Nikamwambia aseme tu nilivyomfundisha. Nikasema kwa ukali, kwa kuwa niliogopa.

Ijumaa bosi akaamuru kikao kifanyike mezani, si kwenye pazia langu. Mwenye hoteli alikuwa ameshapiga simu mpaka bosi anaruka simu yake mwenyewe ikilia. Alitaka mambo yaishe pale pale, apatikane mtu mmoja mwenye utepe wa kijani na mkono unaosogea. Washonaji wakasogeza viti. Kinyonga alikuwa mahali pake, kisu kimezimwa, anawaza. Mtaalamu akakaa mwisho wa meza, mbele yake makopo mawili ya maziwa ya unga, moja lina tepe za kijani, moja lina nyekundu.

"Karibu," akamwambia binti yangu. "Una nafasi ya kujieleza. Taratibu tu."

Kiberiti akasimama upande wa pili wa meza. Akapitisha kiganja kwenye ubao, kidogo, kama kawaida yake. Kisha akaanza.

"Nikifika mezani, huwa nasimama. Navuta pumzi. Najiuliza, hivi nawaza..." Akakwama. Akanitazama. Mimi nikasogeza midomo kumkumbusha. Akatingisha kichwa. "Hapana. Hayo ni ya baba."

Karakana ikalipuka kwa kicheko. Mimi nikataka sakafu inimeze na pasi yangu.

"Mzee Pasi, kumbe na wewe ni mwalimu!" akapaza sauti yule wa kola.

"Nyamazeni!" bosi akasema. "Endelea wewe, upesi."

"Mimi sisimami," akasema binti yangu. "Mimi nawaka, kila mtu hapa anajua. Lakini moto wangu naujua unapoanzia. Unaanzia hapa, chini ya shingo. Ukifika masikioni, simsikii mtu, na hapo hata mimi singejipa kisu. Nikiwa na siku ya namna hiyo huwa naomba nitandaze, nisikate. Mwulizeni Kinyonga."

"Kweli," akasema Kinyonga, baada ya muda wake wa kawaida. "Huwa ananiambia, leo tutandaze tu, kukata ni kesho, leo mimi sifai."

"Lakini siku ile ya mikono sikuwa nawaka. Siku ile nilikuwa baridi kabisa. Mkono wenyewe ulisita. Nikauona umesita, nikauona na wasiwasi wangu, nikauweka pembeni kwa sababu nilijidharau. Nilijiambia wewe ni Kiberiti, unajua nini. Kwa hiyo mimi nadhani kosa langu siku ile halikuwa papara. Mimi nadhani lilikuwa—"

Alikuwa anatazama mezani. Sote tukafuata macho yake.

Mkono wa mtaalamu ulikuwa ndani ya kopo. Kopo la tepe nyekundu. Vidole vilikuwa vimeshachagua.

Tazama, mimi sina ugomvi na yule kijana. Sidhani alikuwa na nia mbaya, na nadhani hata yeye alishangaa kuukuta mkono wake mle, maana aliutoa kama aliyegusa pasi yangu. "Nilikuwa naliweka sawa kopo," akasema.

"Sikuulizi kwa ubaya, mwalimu," akasema Kiberiti, na kweli hakukuwa na ubaya, nilikuwa nalitafuta lile joto la shingoni kwake sikuliona. "Nataka kujifunza tu. Mimi nilikuwa bado naongea. Hata sijafika kwenye neno lenyewe. Uliwaza kwanza ndipo mkono ukaenda, au mkono ulitangulia? Na kama uliwaza, uliwaza nini?"

Hakuna mashine iliyokuwa inalia, kwa hiyo ilisikika hata ile taa ya kwenye dari inayonguruma, ambayo tumeomba ibadilishwe.

"Swali zuri," akasema mtaalamu.

"Ndiyo," akasema binti yangu, akangoja.

"Ni swali zuri sana." Akavitazama vidole vyake, kimoja kimoja. Ningependa kusema alikuwa mtu mbaya, ingekuwa rahisi kwangu, lakini mtu mbaya angejibu. Angetupa maneno mawili marefu tungenyamaza wote. Huyu alijitafuta kweli, mbele yetu, akajikosa.

"Jibu tuendelee!" akasema bosi. "Sema uliwaza, bwana, kwani kuna nini!"

"Nikisema hivyo," akajibu taratibu, "nitakuwa najibu kabla sijajua." Akasimama. Akasema anahitaji muda, alitazame jambo hili kwa makini, na kwamba mpaka atakapokuwa na jibu la kweli hawezi kumfunga wala kumfungua mtu utepe. Akachukua makopo yake yote mawili, akaondoka na viatu vyake visivyotoa sauti.

Bosi alibaki anatazama mlango. Simu ikalia mfukoni mwake. Akaruka.

"Kiberiti!" akasema. "Shika kisu. Kata. Mambo ya tepe tutayazungumza baadaye."

Nikasema moyoni, haya, yamekwisha. Ndicho alichokitaka. Kinyonga alishamwekea kisu mezani, mpini umeelekea kwake, na nadhani hicho ndicho kitu cha haraka zaidi alichowahi kufanya maishani. Binti yangu akakitazama kisu. Nilimwona anavyokitazama. Hata mkono uliondoka ubavuni, ukafika nusu ya njia. Kisha akaurudisha, akavuta kiti, akaketi.

"Mwenye mwekundu hagusi kisu," akasema. "Ni amri yako, bosi."

"Basi vua huo utepe!"

"Aliyenifunga ndiye aje anifungue. Akate neno yeye, kwamba mimi najitazama au sijitazami. Nikivua leo kwa sababu simu inalia, kesho kitu kikiharibika nitafungwa tena, na safari hiyo mtasema, si tulisema."

"Mwanangu, chukua kisu hicho!" nikaropoka mimi, kutoka kwenye pasi, sauti juu, utepe wangu wa kijani ukipepea kwa mvuke. Karakana yote ikageuka kunitazama.

"Baba," akasema, "shati la mtu linaungua."

Lilikuwa linaungua kweli.

Hivyo ndivyo tulivyofika hapa tulipo. Kitambaa kimetandazwa, kisu kimelala, Kiberiti amekaa kando ya meza ya mama yake, karibu kiasi cha kuigusa, na haigusi. Anashona vifungo vyake pale pale. Kinyonga amemletea mto wa kukalia. Bosi angeweza kuleta mkataji kutoka nje, lakini wakataji wa nje wote, wakisikia habari, wanataka kwanza wajue watafungwa utepe gani. Angeweza kuzifuta tepe, lakini ni yeye aliyepiga makofi mbele ya watu. Mtaalamu anapigiwa simu kila siku. Mara nyingi hapokei. Mara ya mwisho alipokea, akasema kwa upole kwamba bado analitazama, na kwamba kila akilitazama anakuta kuna mwingine anayelitazama kabla yake.

Washonaji nao swali lile limewaingia. Sasa mtu akimpiga mwenzake kikumbo kwenye mlango, hatukanwi tena, anaulizwa kama aliwaza kwanza. Mke na mume wanaofanya kazi mashine za mbele wameacha kusemeshana kwa sababu yake. Mimi mwenyewe, nikifungua mdomo kumsema mwenye nyumba, naukuta umeshafunguka, na nashindwa kujua ni nani aliyeufungua.

Leo asubuhi bosi ameshuka ngazi pole pole, jambo ambalo halijawahi kutokea. Amekuja moja kwa moja kwenye kona yangu, akavuta pazia nyuma yake, akatazama utepe wake, akatazama wangu. Simu inalia mfukoni, haigusi.

"Mzee Pasi," akasema, "wewe ni mtu mzima, na una kijani. Nisaidie. Yule kijana siku ile aliwaza kwanza, au mkono ulitangulia?"